Geuza lenzi zako kabla ya kununua kamera isiyo na kioo

Wenye lenzi za zamani za Nikon, msikimbilie kununua bodi ya kamera isiyo na kioo (mirrorless). Geuza lenzi kwanza, tazama ile ringi ya chuma nyuma. Ukiona kijiskrubu chenye mfereji, kama kwenye 50mm f/1.8D, lenzi hiyo haina mota ya kufokasi ndani. Mota ya kamera ndiyo iliyokuwa ikiizungusha. Adapta ya FTZ, inayounganisha lenzi hizo na Nikon Z, kamera za Nikon zisizo na kioo, haina mota hiyo, kwa hiyo kwenye Nikon Z utafokasi kwa mkono. Lenzi za AF-S, zenye mota ndani, hazina shida, zinafokasi zenyewe.

Wa Canon mna nafuu kubwa: lenzi za EF zina mota ndani tangu 1987, na kwa adapta zinafokasi vizuri kwenye EOS R, kamera za Canon zisizo na kioo.

50mm yangu siiuzi. Kwa mtu aliyetulia, mkono unatosha kabisa.