Unataka Ukadeti na Wewe ni Mwanamichezo? Haya Yaweke Sawa Kabla ya Tangazo

Tangazo la kuandikisha wanajeshi likishatoka gazetini, umechelewa. Siku zinazobaki ni za kutafuta nauli na kupiga pasi shati, si za kutengeneza yaliyoharibika. Ndiyo maana haya namwandikia kijana aliye kidato cha pili au cha tatu, anayecheza mpira, handiboli, raga au anayekimbia, na ambaye mwalimu wa michezo ameshamwambia, "Wewe jeshi watakuchukua tu." Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Leo naendesha tuktuk Likoni, Mombasa.

Kwanza jua ni mlango gani unaoutaka. Kadeti husomea uafisa Chuo cha Kijeshi cha Kenya, Lanet, kule Nakuru, na anayehitimu hutoka luteni-usu. Kuruti hupelekwa Eldoret, Kambi ya Moi, hutoka askari. Vijana wa kwetu wanachanganya hapa. Wamekulia Mtongwe, makao makuu ya Jeshi la Wanamaji yako pua na mdomo na nyumba zao, wanajua kuogelea tangu utotoni, basi wanadhani watapita geti la jirani. Hakuna. Hata wewe unayetaka meli utaanzia bara, Lanet au Eldoret, kwenye baridi. Na Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbio zako za mchangani pale ufuo wa Pirates ni nzuri kwa miguu, lakini mapafu yatakwenda kujifunza upya.

Alama: ukadeti umekuwa ukidai wastani wa B katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na walau C+ katika Hisabati na Kiingereza. B- si B. Hata uwe umefunga mabao arubaini msimu mmoja, fomu yenye B- inawekwa kando. Kocha anayekutoa darasani wiki tatu kila muhula wa pili hatakuandikia mtihani.

Umri: miaka 18 hadi 26. Inaonekana mingi. Si mingi.

Urefu: mita 1.60, yaani futi 5 na inchi 3. Hapo huna la kufanya.

Uzito unalo la kufanya, na hapa wakimbiaji ndio wanaoumia. Mvulana anatakiwa asipungue kilo 54.55, msichana kilo 50. Nimeona bingwa wa mita 10,000 wa kaunti nzima akishushwa kwenye mizani kwa sababu ya kilo mbili. Alilia, na hakuna aliyembembeleza. Kama wewe ni wa mbio ndefu, jipime mwezi mmoja kabla, si asubuhi ile ile, na usije ukanywa lita tatu za maji ukidhani afande hajawahi kuliona tumbo la maji.

Majeraha. Hili halisemwi sana kwa sababu shuleni kucheza na maumivu ni ushujaa. Daktari wa jeshi hatazami una kasi gani. Anatazama goti hilo litabeba mzigo miaka mingapi. Atakwambia uchuchumae, uruke kwa mguu mmoja, ufumbue mdomo ahesabu meno. Jino lililong'oka kwa kiwiko cha mpinzani katika fainali ya kaunti, yeye haulizi mlishinda ngapi kwa ngapi. Basi wachezaji wa raga na ndondi, vaeni kinga ya meno. Na goti likivimba, kaa benchi. Kocha akinuna, anune.

Muguka, miraa, bangi: acha. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai: kichukue mapema. Majina kwenye kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE yafanane herufi kwa herufi. Mwenzangu mmoja alikuwa Mohamed kwenye karatasi moja na Mohammed kwenye nyingine, akahangaika miezi kurekebisha "m" moja.

Sasa cheti chenyewe cha KCSE. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipomaliza darasa la nane, kocha wa shule moja ya bweni alikuja mpaka nyumbani. Mama alikuwa anakaanga viazi karai pale nje. Kocha akaketi kwenye kigoda, akala viazi vya shilingi ishirini, akamwambia, "Mama, karo usiitie moyoni. Huyu ni mtoto wa shule." Mama akaitikia alhamdulillah. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Hakuna aliyeona haja ya karatasi, mtu ameketi kwako na anakula viazi vyako.

Nilicheza miaka minne. Handiboli iko muhula wa kwanza, tukafika mashindano ya taifa mara mbili. Sijafukuzwa hata siku moja kwenda kutafuta karo, na wenzangu walikuwa wakinionea wivu. Kumbe wakati wote huo, kwenye daftari la mhasibu, jina langu lilikuwa likiandikiwa deni kila muhula kama la mwanafunzi mwingine yeyote. Kutofukuzwa nikakudhani ni kusamehewa.

Baada ya mtihani unazungushwa na fomu ya kuondokea shuleni. Maktaba wanatia sahihi, maabara wanatia sahihi, stoo ya michezo unarudisha jezi. Mwisho ni dirisha la mhasibu. Akafungua ukurasa, akaugeuza ili nisome mwenyewe, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho: shilingi 68,400. Mpaka ziishe, cheti hakitoki. Nikamwambia kocha alisema. Akaniuliza, kocha yupi? Kocha alikuwa amehamishwa. Mwalimu mkuu naye alikuwa mgeni, hakunijua wala hakuwa na sababu ya kunijua.

Matokeo yalitoka C+, kwa hivyo ukadeti ulikuwa umeshanipita. Nikasema basi nitaingia kuruti. Tangazo likatoka. Nikaenda na karatasi ya matokeo, barua ya chifu, na bahasha nene ya vyeti vya michezo. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye mstari. Urefu nikapita. Uzito nikapita. Mbio nikawa wa tatu. Wakanichora namba mkononi kwa kalamu nene, 41, na unapochorwa namba moyo unaanza kujenga nyumba. Siku ile karatasi ziliangaliwa mwishoni. Afande aliyekuwa mezani hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliishika karatasi yangu ya matokeo kwa ncha mbili kama picha ya maiti, akasema, "Kijana, cheti chenyewe kiko wapi?" Nikaanza kueleza. Nyuma yangu kulikuwa na watu. Akanirudishia bahasha, vyeti vya michezo hakuvifungua.

Ile namba ilikaa mkononi siku mbili. Mama alinikuta naisugua kwa dodoki.

Tulilipa kidogo kidogo, elfu mbili, elfu tatu, zaidi ya miaka minne. Cheti nilikipata. Wakati huo goti la kushoto lilikuwa limeshaanza kutoa sauti ya mlango mkavu.

Na hivi ndivyo ambavyo ningefanya, na wewe fanya. Shule ikikuahidi karo kwa sababu ya mchezo, omba barua: jina lako, miaka mingapi, inalipa nini na hailipi nini, sahihi ya mwalimu mkuu, muhuri. Kocha hana mamlaka ya kusamehe karo hata awe na moyo wa dhahabu. Kila muhula, mzazi aende kwa mhasibu aombe taarifa ya karo, hata kama hakuna kinachomtia shaka. Deni likionekana kidato cha kwanza linaongeleka. Likionekana kidato cha nne umeshatumika. Vyeti vikishafika shuleni kutoka baraza la mitihani, fuata chako wiki hiyo hiyo. Wakikataa kukupa, ujue kwamba sheria ya baraza hilo ya 2012 inasema cheti kisizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Mimi hakuna aliyeniambia. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, nenda na mtu mzima anayejua kuongea, na nenda mapema, maana hata haki yako ina foleni.

Vyeti vya michezo usivitupe. Jeshi linapenda wanamichezo kweli kweli: Ulinzi Stars, timu ya soka ya jeshi, imechukua ubingwa wa ligi kuu mara nne, na Paul Tergat, bingwa wa mbio ndefu, alikimbia akiwa mwanajeshi. Lakini vyeti hivyo vinaongeza juu ya kilichopo. Havizibi pengo.

Kuna wanaoniuliza habari za West Point na Annapolis, vyuo vya uafisa vya jeshi la Marekani, eti kocha wa Marekani ameona video yao. Kule hata mtoto wa Kimarekani mwenye kipaji anahitaji kupendekezwa, mara nyingi na mbunge wao. Mgeni hupelekwa na serikali yake, na kila chuo hakiruhusiwi kuwa na wageni zaidi ya 60 kwa wakati mmoja. Kocha hana nafasi ya kukugawia. Anayekuomba dola mia tano za "kushughulikia" ni mwizi, mfungie simu.

Na wa hapa hapa je? Kuandikishwa ni bure. Kila mara kuna vijana wanaofika Eldoret na barua za mwito za bandia walizozinunua kwa pesa ya shamba, wanaishia korokoroni badala ya kambini. Usitume pesa kwa namba yoyote. Usimwachie mtu vyeti vyako halisi, hata binamu anayemjua kanali. Toa nakala, lakini beba halisi, kwenye mfuko wa plastiki, mvua ya Mombasa haibishi hodi. Kula kitu asubuhi. Vaa kaptura ndani kabisa. Maji, beba maji. Na kama kituo chenu kimewekwa ng'ambo, usiitegemee feri ya alfajiri. Vuka jioni yake, ulale kwa shangazi.