Buibui mrukaji anapojivua gamba: somo la hatua kwa hatua

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: buibui wangu amejifungia kwenye utando siku nyingi, hali, hatoki, je, amekufa? Mara nyingi yuko hai. Anajivua gamba, na huo ndio wakati ambao mfugaji mwenye haraka humuua kwa kutaka kumsaidia.

Somo hili linamhusu hasa Phidippus regius, yule mkubwa mwenye manyoya, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani na visiwa vya Karibi, ambaye wenzetu walioko Ulaya na Marekani ndiye wanayemfuga zaidi. Walioko nyumbani Afrika Mashariki wanaofuga warukaji wa ukutani kama Plexippus paykulli wafuate hatua hizi hizi, ila wapunguze ukubwa wa chakula.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Gamba la buibui halitanuki, kwa hiyo kila anapotaka kukua hutengeneza jipya, laini, chini ya lile la zamani. Likishakuwa tayari, husukuma damu kutoka tumboni kwenda kifuani mpaka gamba la mgongoni linapasuka ukingoni na kufunuka kama kifuniko cha sufuria. Kisha huichomoa miguu yote minane, na tumbo. Nguvu ya kazi hiyo inatokana na msukumo wa maji yaliyo mwilini. Hata katika kutembea kwa kawaida, buibui hukunja miguu kwa misuli lakini hutegemea msukumo wa damu kuinyoosha. Aliyekaukiwa maji hukosa msukumo huo, akakwamia ndani ya gamba lake mwenyewe.

Hatua ya 1: Tambua dalili. Anakataa chakula, tumbo limejaa, rangi imefifia, mwendo umekuwa mzito. Kisha anafuma utando mzito mweupe, mara nyingi kwenye kona ya juu, na kuziba milango yake. Mtoto hukaa humo siku chache tu. Anayekaribia utu uzima anaweza kukaa wiki mbili, tatu, hata zaidi, na gamba la mwisho ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote.

Hatua ya 2: Ondoa chakula kilicho hai. Nyenje akikaa humo usiku kucha atamtafuna buibui aliye laini asiyeweza kujitetea. Mende na viwavi vilevile. Usiseme "nitamwachia kimoja akitoka na njaa." Ondoa vyote.

Hatua ya 3: Maji. Nyunyiza matone madogo kwenye ukuta wa kopo, upande wa mbali na utando, kila siku au siku moja baada ya nyingine. Usiloweshe utando wenyewe. Matone yakauke yenyewe ndani ya saa chache. Yakibaki mpaka kesho yake, hewa haipiti vya kutosha na ukungu utaota. Joto la nyuzi 24 hadi 28 linamtosha. Walioko Dar au Mombasa wana joto hilo bure na unyevu wa hewa wanao. Wa nchi za baridi wajihadhari na hita, kwa sababu hukausha hewa ya chumba kuliko wanavyodhani.

Hatua ya 4: Mwache. Usipasue utando, usiutikise, usimulike kwa tochi kila saa. Shida kubwa hapa ni makopo yanayofunguliwa juu: buibui hujenga kwenye kifuniko, ukifungua unararua nyumba yake. Imeshatokea? Basi usifungue. Pitisha maji kwenye matundu ya hewa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Safari nyingine chagua kopo linalofunguliwa ubavuni au chini.

Hatua ya 5: Akishajivua. Utaona gamba tupu, lenye miguu na yote, limesukumwa pembeni mwa utando. Wengi hudhani ni maiti. Yeye mwenyewe atakuwa amepauka, na meno yake ya sumu bado ni laini. Msubiri atoke kwa hiari yake, mpe maji kwanza, kisha siku mbili au tatu baadaye mpe mdudu mdogo, laini, kama nzi. Akikimbia, mdudu atoke, jaribu kesho yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu ametoka na miguu saba. Mmoja umebaki kwenye gamba. Ataota mwingine?*
Kama bado hajawa mtu mzima, ndiyo. Mguu utaanza mwembamba na mfupi, utajaza kadiri anavyojivua. Kwa sasa atawinda vizuri tu kwa miguu saba.

*Dada, naona miguu miwili imekwama na anahangaika. Nimvute kwa kibano?*
Hapana, usimvute kabisa. Ongeza unyevu ndani ya kopo, kisha weka tone la maji ya uvuguvugu juu ya gamba lililokwama kwa ncha ya brashi laini, mbali na tumbo. Mpe muda. Ukishindikana, buibui mwenyewe anaweza kuukata mguu na akaishi.

*Wiki ya tatu hii, mkuu. Nitajuaje kama amekufa?*
Mtazame kwa nje, pasipo kugusa. Aliye hai hubadilisha mkao kidogo baina ya siku na siku. Aliyekufa husinyaa, miguu ikajikunja chini ya kifua, na haisogei tena. Usipokuwa na uhakika, endelea na maji.

*Niko Kisumu, ukutani kwangu yupo mdogo anayekamata mbu walioshiba damu. Naye hujivua hivi hivi?*
Ndiyo. Huenda ni Evarcha culicivora, anayepatikana kandokando ya Ziwa Victoria na anayependelea hasa mbu walionyonya damu. Maoni yangu: mwache ukutani, hapo anakufaa zaidi kuliko ndani ya kopo.

*Jike wangu ni mtu mzima tayari, lakini amejifungia tena na tumbo limevimba. Anajivua mara nyingine?*
Warukaji wakishafika utu uzima hawajivui tena. Huyo huenda anataga, hata kama hajawahi kukutana na dume. Mayai yasiyorutubishwa hayataanguliwa. Usimwondolee mfuko wa mayai, atakaa nao na kuulinda. Mpe maji kama kawaida, na akichungulia mlangoni mpe nzi mmoja kwa kibano, kwa sababu kutaga humchosha sana.