Namna ya Kudumu kama Mshambuliaji wa Kuhamahama katika Hoki ya Barafu

Mike Sillinger, mshambuliaji wa kati kutoka Kanada, aliichezea ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, yaani NHL, kati ya mwaka 1990 na 2009, na katika muda huo alivaa jezi za klabu 12, idadi ambayo ni rekodi ya ligi hiyo. Wengi huitaja rekodi hiyo kwa sauti ya huruma, kana kwamba ni habari ya mtu aliyefukuzwa kila alikokwenda. Mimi naisoma kinyume chake. Mtu asiyehitajika hachezi mechi 1,049 katika ligi ngumu kuliko zote duniani. Klabu 12 zilimtaka kwa sababu kila moja ilijua atafanya nini tangu usiku wa kwanza. Mwongozo huu unamhusu kijana aliye na kipaji cha kutosha kulipwa, lakini si kikubwa kiasi cha klabu kujengwa kumzunguka yeye, na anayetaka kuishi kwa mchezo huu miaka kumi au zaidi.

Anza kwa kuzijua nafasi zilizopo, kwa kuwa ni chache kuliko vijana wengi wanavyodhani. NHL ina klabu 32, na kila klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 23 kwenye kikosi chake kwa sehemu kubwa ya msimu. Siku ya mechi huvaa wachezaji 20, na kwa kawaida 12 kati yao ni washambuliaji, waliopangwa katika safu nne za watu watatu watatu. Chini yake iko AHL, ligi ya daraja la pili, ambayo nayo ina klabu 32, kila moja ikiwa na uhusiano na klabu mama ya NHL, na chini zaidi iko ECHL, ligi ya daraja la tatu. Klabu ya NHL inaweza kushikilia mikataba isiyozidi 50 kwa wakati mmoja, kwa hiyo zaidi ya nusu ya waliosaini hawako kwenye ligi kuu. Wako AHL wakisubiri simu. Sehemu kubwa ya maisha yako ya kazi itapita katika kusubiri huko, na mshahara wako, makazi yako na mazoezi yako vipangwe kwa kuzingatia jambo hilo.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kuchagua kazi utakayojulikana nayo. Safu mbili za kwanza hujazwa na wafungaji wanaolipwa fedha nyingi, na kocha hawezi kuwaweka benchi ili akujaribu wewe. Mlango ulio wazi ni wa safu ya tatu na ya nne. Kijana aliyeongoza kwa mabao katika ligi za vijana hupata shida kulikubali hili. Akiitwa juu kwa mechi tatu hujaribu kupiga chenga na kufunga ili aonekane, akapoteza paki, yaani kisahani kinachogombewa badala ya mpira, kwenye mstari wa buluu unaotenganisha maeneo ya uwanja, na siku ya nne akarudishwa alikotoka. Kocha anayekupa dakika nane kwa usiku anataka zipite bila madhara. Anataka zamu za sekunde arobaini na kitu, paki ipelekwe nyuma ya goli la wapinzani, mabeki wao wabanwe ukutani, kisha urudi benchi kabla pumzi haijakatika. Ukiyafanya hayo wiki nzima bila kosa, atakuongezea dakika, naye ataanza kukuingiza timu inapocheza pungufu.

Kucheza pungufu ndiko kulikowalisha washambuliaji wengi wa aina hii, kwa sababu nyota hawapendi kujitupa mbele ya mashuti, na makocha hawapendi kuwachosha nyota. Adhabu ndogo ni ya dakika mbili ambazo mkosaji hukaa nje, na kwa muda huo timu yako hubaki na wachezaji wanne dhidi ya watano. Jifunze kufunga njia ya pasi ya katikati kwa gongo, yaani fimbo ya kuchezea, siyo kumkimbilia mwenye paki, na ukiipata paki ipige hadi upande wa pili wa uwanja bila kusita, kwa maana katika NHL timu iliyo pungufu haiadhibiwi kwa kuipiga mbali namna hiyo.

Kugombea paki mwamuzi anapoidondosha ni ujuzi unaostahili muda wako zaidi ya kitu kingine chochote. Katika NHL, paki inapodondoshwa kwenye eneo la ulinzi, mchezaji wa timu inayolinda ndiye anayetakiwa kuweka gongo chini kwanza, na hivyo mpinzani wako anaona ulivyojipanga kabla hajajipanga yeye. Kwa hiyo weka miguu mipana kuliko mabega, teremsha mkono wa chini hadi karibu na mwisho wa mpini, ugeuze kiganja ili nguvu ya kuvuta nyuma iwe kubwa, na macho yako yawe kwenye mkono wa mwamuzi, si kwenye uso wa mpinzani. Kazi haiishii hapo: mara nyingi paki haiendi kwa yeyote kati yenu, bali hubaki katikati ya miguu, na anayegeuza nyonga haraka ili kumzuia mwenzake ndiye humpa winga wake nafasi ya kuichukua. Ikiwa wewe ni winga, usidhani kwamba haya hayakuhusu. Mshambuliaji wa kati akiondolewa kwa kutojipanga sawasawa, mwenzake mmoja ndiye huingia mahali pake, na timu ikikosea tena katika tukio hilohilo hupewa adhabu ya dakika mbili. Winga anayeweza kusimama hapo kwa utulivu ana thamani ambayo haionekani katika orodha ya wafungaji, lakini kocha anaiona.

Baada ya uwanja ni karatasi. Mkataba wa njia moja hukulipa mshahara uleule uwe NHL au AHL, ilhali wa njia mbili una viwango viwili, na tofauti yake ni kubwa mno. Katika msimu wa 2025–26 mshahara wa chini wa NHL ulikuwa dola 775,000 za Marekani kwa mwaka, na hulipwa kwa hesabu ya siku ulizokuwa kwenye kikosi. Ukikabidhiwa mkataba wa njia mbili, mtake wakala wako apiganie kiwango cha uhakika, yaani jumla ambayo klabu italazimika kukulipa hata usipoitwa juu siku moja. Wapo pia wanaosaini na klabu ya AHL peke yake. Hao hawawezi kuitwa juu mpaka wapewe kwanza mkataba wa NHL. Wengine huingia kwa mkataba wa majaribio, ambao katika AHL hauzidi mechi 25. Usiudharau huo, maana klabu iliyoandamwa na majeraha mwezi wa Januari haina muda wa kutafuta nyota.

Kuna utaratibu mmoja ambao ni lazima uuelewe kabla haujakukuta. Mchezaji aliyepita kipindi cha msamaha, ambacho hutegemea umri aliosaini na mechi alizocheza, hawezi kushushwa AHL hivi hivi. Jina lake hutangazwa kwanza kwa klabu nyingine zote, nazo huwa na saa 24 za kumdai, na zikijitokeza zaidi ya moja hupewa iliyo chini katika msimamo. Akidaiwa, anahama na mkataba wake. Asipodaiwa, anashuka, na akiitwa tena anaweza kurudishwa bila kutangazwa upya ilimradi hajafikisha mechi 10 wala siku 30 kwenye kikosi. Ndiyo maana utamwona mshambuliaji amecheza vizuri mechi tisa kisha akarudishwa ghafla, na mashabiki wasielewe kwa nini. Usilichukulie kama hukumu juu ya uchezaji wako. Ni hesabu ya ofisini. Asiyeijua hesabu hiyo huvunjika moyo bure, na hilo ni jambo linaloniuma kila ninapoliona kwa vijana wenye uwezo.

Hesabu nyingine ni ya AHL. Ligi hiyo ipo kwa ajili ya kukuza wachezaji, kwa hiyo inaweka kikomo cha wakongwe wanaoweza kuvaa katika mechi moja, na mpaka mkuu wa kutenganisha wakongwe na wengine ni mechi 260 za kulipwa. Ukishauvuka, haushindani tena na vijana kwa nafasi, bali na wakongwe wenzako kwa viti vichache. Hapo ndipo wengi huanza kuitazama Ulaya, na ushauri wangu ni uitazame msimu mmoja kabla ya kuufikia mpaka huo, ukiwa bado na takwimu za kuonyesha.

Ulaya si mahali pa kwenda kupumzika. Sweden, Finland, Uswisi na Ujerumani zina ligi imara, na katika nchi kadhaa idadi ya wachezaji wa kigeni wanaoweza kutumika katika mechi moja ina kikomo. Kwa sababu hiyo klabu inayokupa nafasi ya mgeni inatarajia ufunge. Mtu aliyetumia miaka mitano akizuia mashuti katika safu ya nne anatakiwa ghafla aongoze mashambulizi, na asipopata mabao kufikia Novemba hubadilishwa na mgeni mwingine. Basi usiache mikono yako ife: baki uwanjani baada ya mazoezi, piga mashuti, cheza na paki katika nafasi finyu, hata kama kocha wako wa sasa hakuombi mabao. Zoea pia upana. Uwanja wa NHL una upana wa takriban mita 26, ilhali vingi vya Ulaya vilijengwa kwa mita hadi 30, na winga aliyezoea kumbana beki kwa hatua mbili hujikuta amechelewa kwa hatua nzima. Ikiwa babu au bibi yako alizaliwa nchi mojawapo ya hizo, chunguza mapema kama unastahili pasipoti yake, kwani mwenye uraia hahesabiwi kuwa mgeni, na jambo hilo peke yake limerefusha kazi za wengi.

Kabla ya kusaini, uliza klabu imelipaje wachezaji wake misimu iliyopita, na waulize wachezaji wenyewe, si wakala pekee. Uliza nyumba na gari ni juu ya nani, kodi inakatwa wapi, bima inamhusu mke na watoto au wewe tu. Hakikisha kadi ya uhamisho wa kimataifa inashughulikiwa, kwa kuwa bila hiyo huchezi. Ukiwa AHL au ECHL, kipo chama cha wachezaji, PHPA, ambacho kinaweza kukusaidia kuelewa haki zako.

Ulaya ina majukwaa yake pia. Katika siku za mwisho wa Desemba, mashindano ya Spengler Cup huko Davos huikutanisha timu ya Kanada iliyojaa wachezaji wanaofanya kazi Ulaya, nao hutazamwa na klabu nyingi. Mwaka 2018, NHL ilipokataa kuwaachia wachezaji wake kwenda Olimpiki ya Pyeongchang, Kanada ilituma kikosi cha watu wa aina hii hasa, wakatwaa shaba.

Ukifika klabu mpya, siku ya kwanza mwone mtunza vifaa kabla ya kocha. Mweleze kina unachotaka cha makali ya viatu vya kuteleza na mpindo wa gongo lako, umwandikie kwenye karatasi, kwa sababu mechi inaweza kuwa usiku huohuo. Kisha omba video ya namna timu inavyotoka eneo lake na inavyocheza pungufu. Mambo hayo mawili yakikukaa kichwani, mengine utayapata ukiwa benchi. Mafunzo ya ukocha, masomo ya chuo kwa njia ya mtandao na lugha ya nchi uliyopo vianze ukiwa na miaka 28, si 34, kwa kuwa klabu za Ulaya mara nyingi humpa mkongwe anayeijua lugha nafasi ya kufundisha vijana wake mara tu anapotundika viatu.