Jinsi ya kutambua Encrinus kwenye meza ya maabara

Usipoteze Jumamosi ukitafuta visukuku vya krinoidi, yaani wanyama wa baharini wenye shina, kikombe na mikono kama Encrinus, kwenye vilima vya Lubumbashi. Miamba ya Katanga yenye shaba ilijengeka kabla krinoidi hawajatokea baharini. Mistari iliyojikunja ndani ya mwamba wa dolomia ni stromatolaiti, kazi ya vijidudu. Sampuli ya Encrinus, au nakala yake ya plasta, imetoka mbali: spishi maarufu, Encrinus liliiformis, ni ya matabaka ya chokaa yaitwayo Muschelkalk huko Ujerumani, ya kipindi cha Triasiki ya kati. Faila ni Echinodermata, ngeli Crinoidea, oda Encrinida.

Safisha kwa maji na brashi laini. Asidi weka mbali, maana mwili wote ni madini ya kalisaiti na hata ndimu huila. Mulika taa kutoka ubavuni, shika lenzi ya mara 10.

Anza na kikombe, sehemu iliyo kati ya shina na mikono; shina lisubiri. Hesabu safu za vibamba ukishuka: radiali 5 kubwa zinazobeba mikono, kisha basali 5 zinazopishana nazo. Chini kabisa kuna infrabasali, ndogo mno, zilizofunikwa na kisahani cha juu cha shina. Shina likiwa bado limeshika hutaziona, na hapo ndipo wengi huandika safu mbili na kuipeleka sampuli kundi lisilo lake. Andika "zimefichwa", usiandike "hazipo".

Kosa jingine ni kudhani nyufa ni mishono kati ya vibamba. Kila kibamba ni fuwele moja ya kalisaiti, hivyo kikivunjika hutoa nyuso bapa zinazong'aa. Nyufa hizo huenda sambamba na hukoma ukingoni mwa kibamba. Mshono wa kweli hujirudia mara 5 kuzunguka kikombe. Ukiuona upande mmoja tu, shuku.

Panda mikononi. Juu ya kila radiali kuna vibamba viwili. Cha pili, aksilari, kimechongoka juu, na hapo mkono hugawanyika mara moja tu: jumla mikono 10. Ikigawanyika tena, fikiria Chelocrinus, jenasi ya karibu. Karibu na kikombe vibamba vya mkono viko safu moja, kuelekea ncha vinabanana kwa zigizaga hadi safu mbili.

Shina ni visahani vya duara vyenye tundu dogo katikati na mifereji ukingoni. Visahani vya nyota vya pembe 5 ni vya jamaa ya Isocrinus, jenasi nyingine ya krinoidi. Kisahani kimoja cha duara, bila kikombe, hakitoshi kutaja jenasi. Kwenye lebo kiishie Crinoidea.