Feni ya hita inapuliza namba 4 tu: pima mota kabla ya kununua rezista nyingine

Wakuu, baridi ya Juni imeshaingia huku Njombe, na asubuhi kioo cha mbele kikishika ukungu kwa ndani huoni hata mtu anayevuka barabara. Gari langu la mwaka 1998 lilikula rezista tatu za feni ya hita (kipande kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole) ndani ya mwaka mmoja. Dalili ni ile ile kila mara: namba 1, 2 na 3 kimya, namba 4 inavuma vizuri. Wengi wanauziwa rezista kila baada ya miezi michache, na hakuna anayetafuta kinachoiua.

Kwenye gari za zamani zenye kitasa cha kuzungusha, namba za chini umeme hupitia kwenye rezista ndipo ufike kwenye mota. Namba ya juu huikwepa, ndiyo maana inabaki yenyewe.

Hatua ya 1. Zima gari, chomoa waya hasi wa betri, subiri dakika chache. Soketi za njano ni za eabegi, usizichokonoe wala kuzipima.

Hatua ya 2. Toa boksi la dashibodi upande wa abiria. Rezista mara nyingi imeshikwa na skrubu mbili karibu na mota, koili zake zikiwa ndani ya njia ya upepo, maana upepo huo ndio unaoipoza. Pima kwa multimita kati ya pini zake: inatakiwa uone om (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu. Mita isiposoma kitu, imekatika.

Hatua ya 3. Soketi. Hapa msiende mbio. Ya kwangu plastiki ilikuwa nyeupe, ikageuka kahawia. Tundu moja limeyeyuka, na ganda la waya lilikuwa limekakamaa hadi linapukutika kama maganda ya karanga. Terminali (kipande cha chuma cha kwenye ncha ya waya) iliyolegea hupata moto, na moto huzidi kuilegeza. Kuchomeka rezista mpya hapo ni kutupa hela. Kata, weka soketi mpya na waya wa unene ule ule, kisha bana terminali kwa koleo lake.

Hatua ya 4. Zungusha feni kwa kidole. Ikiwa nzima itaendelea kidogo yenyewe. Yangu iligoma ikakwaruza: bushi (vishikio vya shafti ya mota) zimekauka. Mota nzito inavuta ampia nyingi, na kwenye namba za chini ampia hizo zote zinapita kwenye rezista na soketi. Rudisha waya wa betri, washa feni, kisha pima ampia kwa mita ya kubana waya inayosoma DC. Multimita ya kawaida nyingi mwisho wake ni ampia 10, utaiunguza. Feni ikiwa namba 4, ampia zikikaribia kiwango cha fyuzi, badilisha mota.

Hatua ya 5. Toa majani kwenye njia ya hewa, na chujio kama lipo. Upepo ukiziba, rezista haipoi. Na tafadhali, msiweke fyuzi kubwa zaidi. Waya utaungua kabla yake.

Tangu nibadilishe mota na soketi kwa pamoja, rezista ya nne inamaliza mwaka wa pili.

MASWALI

Shikamoo fundi. Langu halipulizi namba yoyote.
— Marahaba. Anza na fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya feni), kisha athi (waya unaoshika bodi ya gari). Washa, gonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha.

Mkuu, nikitia oili kwenye bushi si inatosha?
— Nilijaribu. Kelele ilipotea wiki mbili ikarudi.

Feni inapuliza namba zote ila hewa ni ya baridi.
— Hilo ni la maji ya injini, ndiyo yanayopasha hita. Injini ikiwa imepoa kabisa, angalia kiwango kwenye rejeta. Halafu muulize fundi wako kama alitoa thermostati (valvu inayozuia maji kwenda rejeta hadi injini ipate joto). Huku wengi huitoa, na kwenye baridi injini haifiki joto lake.

Langu ni la AC ya kujiendesha, rezista siioni.
— Hilo linatumia moduli ya transista, kipimo cha om hapo juu hakifai. Soketi na mota kagua vile vile.