Zamu ya usiku ya muda: namna ya kuipitia bila kuuvuruga mwili

Mfanyakazi wa kiwanda cha Namanve, karibu na Kampala, muuguzi wa wodi au askari wa lango anapoambiwa kwamba atashika zamu ya usiku kwa majuma mawili au matatu kumshikia mwenzake aliye likizoni, uamuzi wa kwanza ni iwapo ataugeuza mwili wote uwe wa usiku. Kwa muda mfupi kama huo, mimi naona asijaribu. Saa ya ndani ya mwili huongozwa zaidi na mwanga unaoingia machoni, na kwa kawaida husogea kwa takribani saa moja tu kwa siku. Hapa Uganda, nchi iliyopitiwa na ikweta, jua huchomoza takribani kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo atokaye kazini hukutana na mwanga ule ule unaouvuta mwili wake urudi kwenye ratiba ya mchana. Kabla mwili haujageuka sawasawa, zamu yenyewe imekwisha. Afadhali kuhakikisha kwamba unapata usingizi wa kutosha, hata ukiwa wa vipande viwili, na kwamba unakuwa macho kamili katika saa ambazo kusinzia kunaweza kuleta ajali.

Siku ya zamu ya kwanza usiende kazini ukiwa hujafumba macho tangu alfajiri. Lala kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa na nusu, hata kama unaona huna usingizi. Kujilaza gizani peke yake ni nafuu.

Kazi kubwa iko kwenye usingizi wa mchana. Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga chenye mabati yasiyo na dari, na kufikia saa tano asubuhi joto la humo linamfukuza mtu kitandani. Kwa sababu hiyo kila dakika ya asubuhi ina thamani: ukifika nyumbani kula kidogo, oga, ulale kabla ya saa mbili na nusu, na nguo za kufua zingoje jioni. Pazia la kitenge halizuii jua la ikweta. Kata boksi gumu la dukani kwa kipimo cha dirisha, ulifunike kwa blanketi jeusi, na uache upenyo wa juu ili hewa ipite, kwa maana chumba cha giza kisicho na hewa hakilaliki. Kwa kelele za redio, za mchomeleaji wa vyuma na za watoto watokao shule, vizibo vya masikio vya sponji vinavyouzwa katika maduka ya dawa vinasaidia kuliko pamba.

Vizibo hivyo lakini havimzuii mtu kubisha hodi. Zungumza na jirani mapema, kwa adabu na kwa kutaja tarehe: “Mama, hadi mwisho wa mwezi nitakuwa kazini usiku na nitalala asubuhi, akija mgeni wangu, naomba umwambie arudi saa tisa.” Jirani aliyeelezwa hivyo huwa mlinzi wa usingizi wako, ilhali asiyeelezwa hudhani wewe ni mvivu au mgonjwa, akaja kukujulia hali. Simu izime, na mwachie mtu mmoja wa nyumbani namba ya jirani huyo kwa ajili ya dharura.

Ukiamka saa saba au saa nane, na usingizi haujatosha, ongeza kipande kifupi jioni kabla ya kutoka. Siku ya mapumziko usirudi moja kwa moja kwenye ratiba ya mchana; lala kuanzia saa nane usiku hadi saa nne asubuhi, ili mwili ubaki na kipande cha usingizi wa asubuhi kinachofanana kila siku.

Kazini, kula chakula cha maana kabla ya zamu, kisha kula kidogo kidogo. Sahani ya posho, yaani ugali, na maharage saa nane usiku huleta kiungulia na usingizi kwa pamoja. Uji, karanga au ndizi hutosha. Kahawa inywe katika nusu ya kwanza ya zamu, na uiache muda wa masaa sita hivi kabla ya kulala. Ikumbukwe kwamba kahawa inayolimwa zaidi nchini ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Waragi, ile pombe kali, wa kuletea usingizi asubuhi hukukatizia usingizi huo huo, na mirungi, pamoja na kwamba imepigwa marufuku na sheria, itakunyima usingizi utakapouhitaji.

Uzito mkubwa wa macho huja kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, joto la mwili linaposhuka kabisa. Kazi za hesabu, za dawa au za mashine hatari zifanywe mapema inapowezekana, na saa hizo uzipe kazi ya kusimama na kutembea. Kama mkuu wako anaruhusu, sinzia dakika 15 hadi 20 kwa zamu na mwenzako. Ukipitiliza nusu saa utaamka mzito zaidi. Tena vaa mikono mirefu na upake dawa ya kufukuza mbu, kwa kuwa mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na neti uliyoiacha nyumbani haikukingi getini.

Wanaotumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifafa au za kupunguza makali ya VVU wasibadilishe saa za kumeza kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Mwenye kifafa aongee naye hata kabla ya kuikubali zamu, maana kukosa usingizi huamsha degedege.

Kurudi nyumbani, usiendeshe pikipiki ukiwa unasinzia, wala usipande boda ukasinzia nyuma ya dereva. Panda teksi, yaani basi dogo la abiria, umwambie kondakta kituo chako.

Zamu ya mwisho ikiisha, lala hadi saa sita tu, utoke nje kwenye mwanga, ule chakula cha mchana na wenzako, kisha ulale saa tatu usiku. Safari ndefu ya kuendesha, kama ile ya kwenda Gulu au Mbarara, ipange baada ya usiku wa pili wa kulala nyumbani.