Milango ya kuzuia moto bila kukwamisha tarehe ya kukabidhi jengo

Kwanza tuelewane, mlango wa kuzuia moto sio ubao mzito tu, ni seti. Kwenye tanuru la majaribio wanaweka ubao, fremu, bawaba, kitasa, klosa (ule mkono wa juu unaorudisha mlango ujifunge wenyewe), mikanda ya pembeni na kioo kama kipo, vyote kwa pamoja, halafu cheti kinasema hiyo seti imevumilia dakika 30 au 60 au zaidi. Ukitoa kimoja ukaweka ulichokikuta stoo kwa sababu muda umebana, cheti kinaweza kisikuhusu tena. Na presha nyingi ya wiki za mwisho inaanzia hapo hapo, ubao umeagizwa kwa huyu, fremu kwa yule, vitasa vitakuja vikija. Agiza seti nzima sehemu moja ukiweza, na cheti kije na mzigo.

Sasa oda yenyewe iandae wakati kuta bado zinapanda. Pita na mchoro mlango kwa mlango, kila mmoja mpe namba, andika ni wa dakika ngapi, unatakiwa kuzuia na moshi au moto peke yake, unafungukia upande gani, una kioo, una mfumo wa kadi wa kuingilia. Hilo la kadi linasahaulika sana, unakuta fundi umeme anakuja siku za mwisho na drili anatoboa ubao apitishe waya, na hilo tundu halikuwepo kwenye majaribio. Matundu ya waya, ya kitasa, nafasi ya kioo, vyote vikatwe kiwandani. Milango yenye vioo au vipimo visivyo vya kawaida huwa inachelewa kutengenezwa kwa hiyo hiyo ndo uagize ya kwanza. Na ukiona mzigo utachelewa kweli, mwambie mteja mapema, ombeni kukabidhi ghorofa kwa ghorofa, kuliko kubandika mlango wa kawaida ukitumaini mkaguzi hatagundua.

Mzigo ukifika ulaze bapa sehemu kavu, usiuingize kwenye vyumba ambavyo plasta bado mbichi. Mbao inavuta unyevu inavimba, mlango unagoma kufunga, fundi anapiga randa, halafu jengo likikauka mbao inarudi ndani na nafasi inabaki kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Hapo umepoteza mlango mzima kwa kukimbizana na siku chache tu.

Kwenye kufunga fremu ndo penye shida kubwa manake kosa linafunikwa haraka. Ile nafasi kati ya fremu na ukuta watu wanajaza povu la kopo, linakauka, wanakata, wanapigilia urembo wa mbao juu, kwisha habari. Povu la kawaida linaungua. Hata lile lililoandikwa linastahimili moto soma karatasi yake vizuri, mengine yalijaribiwa kwenye nyufa nyembamba za ukuta, sio kuzunguka fremu ya mlango. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa mlango, mara nyingi ni pamba ya mawe (nyuzi za mawe zisizoungua) ikishindiliwa hadi ndani halafu gundi ya kuziba inayovimba kwa joto. Piga picha kila mlango, namba ionekane, kabla ya kufunika. Hizo picha zitakuokoa siku ya ukaguzi, bila hizo unaweza kuambiwa ubomoe ili waone.

Nafasi kati ya ubao na fremu, juu na pembeni, kwa milango mingi ya mbao inatakiwa iwe kati ya 2 mm na 4 mm, ila maelekezo ya mtengenezaji ndo yanatawala. Ile mikanda ya pembeni inavimba ikipata joto la kama nyuzi 200, inaziba hiyo nafasi, sasa ukiacha 8 mm itavimba na bado moto utapita. Mlango wa kuzuia moshi chini uwe na nafasi isiyozidi 3 mm au uwekwe ukanda unaoshuka wenyewe mlango ukifungwa. Bawaba tatu kwenda juu, za chuma, skrubu zote ziingie, sio mbili kwenye matundu manne. Na waambie mafundi rangi wasipake rangi juu ya brashi ya moshi (yale manyoya ya ukingoni yanayozuia moshi kupita) wala juu ya lebo, lebo ikipotea chini ya rangi kuthibitisha mlango ni wa aina gani inakuwa kazi.

Klosa nayo usiiruke. Fungua mlango kidogo tu uachie, fungua nusu uachie, fungua wote uachie, mara zote ujifunge hadi ulimi wa kitasa uingie kwenye fremu. Ukisimama sentimita moja kabla haujafunga, rekebisha skrubu za klosa, usitoe mkanda wa moshi ili mlango upite kirahisi. Jengo la Grenfell London lilipoungua mwaka 2017 watu 72 walikufa, na uchunguzi ulitaja milango ya nyumba iliyokosa klosa zinazofanya kazi kwamba ilichangia moshi kusambaa, mpaka wakapendekeza klosa zikaguliwe angalau kila miezi mitatu. Ni kifaa cha skrubu chache tu kile jamani.

Kitu kinachookoa muda kuliko vyote, funga mlango mmoja wa kila aina mpaka mwisho kabisa, mwite mkaguzi auone akosoe, ndo timu iendelee na mingine. Timu iwe ile ile moja. Halafu kagua kila ghorofa ikiisha, usisubiri milango yote, manake kosa la kurudiwa mara mia kulirekebisha wiki ya mwisho haiwezekani.

Na kabla hata ya oda uliza sakafu itamaliziwa na nini, vigae au zulia, unene gani. Zulia likija nene mlango unakwama, mtu anakata chini, na kila mlango una kiasi chake cha kupunguzwa, ukipita hapo lazima uagize mwingine. Sakafu ikiisha rudi upime chini upya milango yote.